Kibaba cha Kupimia Huzuni

Zamani, kabla ya kilo kuenea madukani, nafaka katika masoko ya pwani ilipimwa kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na kila mtoto aliyetumwa dukani alilijua hilo. Lakini haikuwa lazima pishi ya mji mmoja ilingane na pishi ya mji mwingine. Mgeni aliyekuja kununua mtama huku akiwaza pishi ya kwao, na muuzaji akampimia kwa pishi ya pale, aliweza kurudi nyumbani na ugomvi badala ya chakula. Hapana aliyemdhulumu mwenziwe. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba jina likiwa moja, basi na kipimo ni kimoja.

Habari nitakayoieleza hapa ni ya kipimo kingine, kigumu kuliko pishi. Ni kipimo cha maradhi ya huzuni, ambayo siku hizi matabibu wetu huyaita sonona. Kila mtu huhuzunika. Aliyefiwa hulia, aliyeshindwa mtihani huinamisha kichwa, na baada ya muda moyo hurudi mahali pake. Sonona si hiyo. Ni huzuni iliyokataa kuondoka, ikakaa majuma na miezi, ikamwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula, nguvu za kazi na furaha ya mambo aliyoyapenda. Hata wengine hufikia kutamani kufa. Ni maradhi, na hutibika. Lakini hayaonekani kwa darubini, wala hayapatikani katika damu. Tabibu hana njia ila kuuliza. Kwa hiyo kipimo chake ni orodha ya maswali: kila jibu hupewa alama, na alama hujumlishwa.

Hapo ndipo penye hatari. Damu ya mtu wa Nyeri na damu ya mtu wa London hupimwa kwa chombo kimoja na jibu likawa la kweli kwa wote wawili. Swali haliko hivyo, maana swali limefanywa kwa maneno, na maneno yana kwao.

Kisa hiki chaanza karibu sana nasi. Hospitali ya Mathari, mjini Nairobi, ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Tangu 1938 hata 1950 mkuu wake alikuwa Dk. J. C. Carothers, tabibu wa serikali ya kikoloni, ambaye alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea maradhi ya akili. Aliwahesabu wagonjwa wake, akaona kwamba Waafrika wenye sonona walikuwa wachache mno. Kutokana na hesabu hiyo akatoa hukumu: kwamba Mwafrika hapatwi sana na maradhi haya kwa sababu hana tabia ya kujilaumu, tena kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wake haifanyi kazi kama ya Mzungu. Maneno haya hayakubaki katika daftari za Mathari. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani liliyachapa katika kitabu, yakasomwa katika vyuo vya nchi nyingi. Mwaka 1954 serikali ya Kenya nayo ikachapa maandishi yake mengine, juu ya Mau Mau, ambamo vita vya watu waliopoteza ardhi vilielezwa kama msukosuko wa nafsi zao. Hivyo hesabu mbaya ya wagonjwa ikawa hoja ya kuwatawala wazima.

Ubaya wa hesabu ile ulikuwa wapi? Na tujiulize ni nani aliyepelekwa Mathari siku zile. Ni yule aliyepiga watu, aliyevunja vitu, aliyetembea uchi barabarani. Aliyeletwa na askari au na chifu. Mama aliyekaa kimya penye mafiga, asiyekula, asiyelala, aliyeacha shamba lake limee magugu, hakumsumbua chifu. Akabaki nyumbani, na katika daftari la Mathari hakuwamo. Carothers alitazama wavu mmoja uliotegwa mahali pamoja, akasema samaki wa namna nyingine hawako baharini.

Waliomsahihisha walianza kwa kwenda mahali pengine. Margaret Field, mwanamke wa Kiingereza aliyechunguza mila za watu kabla ya kusomea utabibu wa akili, alikwenda kukaa karibu na mahekalu ya waganga katika nchi ya Ashanti, Ghana, akawasikiliza waliokuja kutubu na kuomba. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza juu ya wanawake wengi waliokuja kujishitaki wenyewe, bila kushitakiwa na mtu, kwamba wao ni wachawi. Field aliwatambua kuwa wana sonona. Ikumbukwe kwamba Carothers alisema Waafrika hawajilaumu. Na hawa hapa, wakijilaumu kwa dhambi kubwa kuliko zote zinazojulikana kijijini. Hospitalini hawakuonekana, kwa sababu mtu anayejiona mchawi haendi hospitali.

Huko Nigeria, Dk. T. Adeoye Lambo, mtoto wa Abeokuta mwenyewe, alikuwa ameanza mwaka 1954 kuwatibu wagonjwa wa Aro wakiwa wamepanga vijijini pamoja na jamaa zao. Yeye na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani wakaenda kuuliza katika vijiji vya Wayoruba, na taarifa yao ikatoka 1963. Waliona jambo la kufikirisha. Kiyoruba hakikuwa na neno moja la kuyataja maradhi haya, lakini dalili zake wanakijiji walizijua: kulia, kukosa usingizi, kuishiwa nguvu, kutoona utamu wa maisha. Vipande vyote vilikuwapo. Jina la kuvifunga pamoja ndilo lililokosekana.

Katika miaka hiyohiyo vipimo vyenyewe vilikuwa vikitungwa mbali. Mwaka 1960 Max Hamilton wa Leeds, Uingereza, alitoa orodha yake, ambayo kwayo tabibu humpa mgonjwa alama juu ya usingizi wake, kazi yake, wasiwasi wake na kadhalika. Hamilton alikusudia itumiwe kwa wagonjwa waliokwisha kutambuliwa, ili ijulikane kama wanapata nafuu. Mwaka 1961 Aaron Beck wa Philadelphia alitoa yake, yenye mafungu 21 ya kujibiwa na mgonjwa mwenyewe. Zikafuata nyingine nyingi, na zote zikasafiri. Si vibaya chombo kusafiri. Jembe nalo lilisafiri. Lakini anayepokea jembe hulijaribu kwanza katika udongo wake.

Chukua orodha ya Hopkins, ya Marekani, ambayo imetumika katika nchi nyingi za Afrika. Mna swali ndani yake linalomwuliza mtu kama amejiona yu buluu. Kwa Kiingereza buluu ni rangi ya huzuni, na Mmarekani halioni jambo la ajabu katika swali hilo. Mfasiri wa Kiswahili akilifuata neno kwa neno, mgonjwa atajitazama mikono yake kuona kama imegeuka rangi ya bahari, na mwanafunzi atadhani anaulizwa habari za sare. Ili kuepuka makosa kama haya imekuwa desturi mtu mmoja kufasiri maswali kwa lugha ya wenyeji, kisha mwingine, asiyeyaona ya asili, kuyarudisha katika lugha ya kwanza. Yakirudi yakiwa yamepotoka, hujulikana kwamba njiani pameharibika.

Desturi hii ni njema, lakini haitoshi. Kurudisha tafsiri huonyesha kwamba swali limefika salama. Hakuonyeshi kama swali lenyewe lilistahili kuulizwa hapo, wala hakuleti swali ambalo mtungaji wa kwanza hakulijua. Ikiwa watu wa mahali fulani hueleza huzuni yao kwa jambo lisilotajwa katika orodha ya Leeds au Philadelphia, jambo hilo halitazaliwa kwa kufasiri.

Hili lilionekana wazi Harare, Zimbabwe, mapema katika miaka ya 1990. Dk. Vikram Patel, mzaliwa wa India, pamoja na wenzake wa Zimbabwe, hakuanza kwa orodha. Walianza kwa kuwauliza wauguzi wa zahanati, waganga wa kienyeji, na jamaa za wagonjwa: mtu aliyesumbuka moyoni husemaje hapa? Jibu lililorudi mara kwa mara lilikuwa neno moja la Kishona, *kufungisisa*. *Kufunga* kwa Kishona ni kuwaza, na kiambishi kilichoongezwa mwishoni humaanisha kupita kiasi. Sisi tusemao Kiswahili twaweza kuuonja mtindo huo, kwa kuwa lugha zetu ni ndugu, na kitenzi chetu pia hunyooshwa kwa viambishi. *Kufungisisa* basi ni kuwaza mno: mawazo kuzunguka juu ya jambo lile lile usiku na mchana bila kufika popote. Kwa Washona huweza kuwa ugonjwa, na huweza kuwa chanzo cha ugonjwa. Neno hili limepata heshima kubwa tangu hapo: mwaka 2013 liliingia katika kitabu ambacho matabibu wa akili wa Marekani hukitumia kuainisha maradhi.

Kutokana na maneno ya watu wakatunga maswali 14, yakatangazwa mwaka 1997. Mtu huulizwa juu ya siku saba zilizopita, naye hujibu ndiyo au siyo. Je, kuna wakati uliwaza mno? Ulikasirika kwa mambo madogo? Uliota ndoto mbaya? Tumbo lilikuuma? Maisha yalikuwa mazito hata ukalia, au ukataka kulia? Kazi yako ilirudi nyuma? Kila ndiyo ni alama moja. Tazama jinsi tumbo lilivyowekwa pamoja na machozi. Mtu wa Harare aliyekwenda zahanati kwa sababu ya tumbo hakuwa akimdanganya muuguzi. Huko ndiko huzuni yake ilikobisha hodi.

Kutunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukijaribu kipimo, na hapa namwomba msomaji asiikimbie hesabu. Kipimo ni kama wavu. Matundu yakiwa makubwa, samaki wengi hupita. Yakiwa madogo, hukamata na majani na mawe. Ukubwa wa matundu ni ile alama ambayo mtu akiifikia husemwa huenda ni mgonjwa. Ili kuichagua, watu huulizwa maswali, kisha wote huzungumza kwa kirefu na tabibu asiyezijua alama zao, na majibu mawili hulinganishwa. Maswali yale 14 yalipojaribiwa tena Zimbabwe, na matokeo kutolewa 2016, ilionekana kwamba mpaka ukiwekwa kwenye alama 9, katika wagonjwa 100 wa kweli kipimo hukamata 84, na katika wazima 100 huwaachilia 73. Tuchukue sasa zahanati yenye watu 100, na wagonjwa wa kweli miongoni mwao wakiwa 20. Wavu utawapata karibu 17. Lakini katika wale wazima 80, utawanasa karibu 22 bila sababu. Katika watu 39 walionaswa, basi, hawafiki nusu walio wagonjwa! Kwa hiyo anayefikia alama 9 haambiwi, "Wewe una sonona." Huambiwa, "Karibu tuzungumze." Wengi wanaosoma takwimu za magazetini juu ya sonona husahau jambo hili, nami nimesikia hata wasomi wakilisahau.

Huko Harare mazungumzo hayo yalipata kiti chake. Dk. Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake mmoja wa kike, aliyejiua. Jamaa zake hawakuwa na nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, Chibanda akaanza kuwafundisha akina nyanya 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa. Waliketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakamwuliza maswali yale 14, kisha wakamsaidia kulishika tatizo moja na kulitafutia njia. Akina nyanya hawa walikataa maneno ya kitabibu ya Kiingereza, wakasema kwa Kishona: kufungua akili, kumwinua mtu, kumtia nguvu. Matokeo ya jaribio lililofanywa katika zahanati 24, kwa watu 573, yalitangazwa 2016. Baada ya miezi sita waliohudumiwa kwa benchi walikuwa na wastani wa alama 3.8, waliopata huduma ya kawaida walikuwa na 8.9. Bila kipimo ambacho nyanya aweza kukiuliza na mjukuu akakielewa, tofauti hiyo isingejulikana.

Lakini itakuwaje mahali ambapo tabibu wa kulinganisha naye hapatikani? Swali hili lilikuwa zito Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, nchi ikiwa imejaa misiba na matabibu wa akili wakihesabika kwa vidole. Mwaka 1999 Paul Bolton na wenzake walikwenda vijijini. Waliwaomba watu wataje wenyewe madhara yaliyowapata walionusurika. Katika maneno yaliyotajwa palikuwa na *agahinda gakabije*, yaani huzuni iliyopita kiasi, ambayo dalili zake zilifanana sana na sonona ya vitabuni, ingawa wanakijiji walitaja pia mambo yao, kama kujitenga na watu na kutojitunza mwili. Kisha wakafanya jambo rahisi ambalo nalipenda kuliko yote katika historia hii. Waliwauliza majirani: nani hapa ana *agahinda gakabije*, na nani hana? Wakawauliza na wahusika wenyewe. Pale ambapo mtu na jirani walipatana, jibu lao lilichukua nafasi ya neno la tabibu, na orodha ya Hopkins ikapimwa kwalo. Jirani akawa mizani. Orodha ilipoonekana kuwa inafaa, ilitumiwa kwa watu wazima 368, na kati yao 15.5 kwa mia walionekana kuwa na sonona. Nusu karne ilikuwa haijatimia tangu kitabu cha Carothers.

Na sisi wa Kiswahili? Mjini Dar es Salaam, Dk. Sylvia Kaaya na wenzake waliijaribu orodha ya Hopkins kwa Kiswahili, kwa wanawake wajawazito 100 wenye virusi vya UKIMWI. Taarifa ilitoka 2002. Katika orodha hiyo kila swali hujibiwa kwa alama 1 hata 4, na wastani huchukuliwa. Marekani mpaka wa ugonjwa umezoewa kuwekwa kwenye 1.75. Dar es Salaam mpaka uliofaa ulikuwa 1.06. Laiti wangeuchukua ule wa Marekani bila kuujaribu, wanawake wengi waliokuwa wakiugua wangeambiwa ni wazima, nao wangerudi nyumbani kimya kama yule mama wa penye mafiga. Maswali yalikuwa yale yale. Pishi ndiyo iliyotofautiana.

Magharibi mwa Kenya kipimo kingine cha Marekani, chenye maswali tisa tu, kilijaribiwa kwa wagonjwa 347 waliokuwa wakiishi na virusi hivyo, na taarifa ikatoka 2009. Kilionekana kufaa. Hata hivyo maswali yake yana mengi ya kuwazia. La saba huuliza kama mtu anashindwa kutuliza akili, kwa mfano anaposoma gazeti au kutazama televisheni. Na mchungaji wa mbuzi asiye na gazeti wala televisheni atajibu nini? Lazima atafutiwe mfano wake: labda kuhesabu mifugo jioni, au kufuata hadithi hadi mwisho. Tena Kiswahili chenyewe si kimoja kwa kila Mkenya. Mtu wa Lamu aliyezaliwa ndani yake ana huzuni, majonzi, simanzi, jitimai na ghamu, na kila moja lina uzito wake. Mtu aliyekipata shuleni huenda analo huzuni tu, na maumivu yake ya ndani huyasema kwa lugha ya mama. Siku hizi wafasiri wengine huandika unyogovu. Sina ugomvi nao, ila sijasikia bado mgonjwa akilia akasema ana unyogovu.

Swali la tisa ndilo la mwisho na ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa huuliza kama mtu amewaza kwamba heri afe au ajidhuru. Muulizaji hutakiwa kulisema kwa upole, mahali pa faragha, na jibu likiwa ndiyo, asimwache mtu aende peke yake. Lakini kwa miaka mingi palikuwa na mtu wa tatu ndani ya chumba hicho. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya, kilichorithiwa kutoka zama za ukoloni, kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kufungwa. Wagonjwa wa mwaka 2009 waliulizwa swali la tisa huku sheria hiyo ikiwapo. Januari 2025 Mahakama Kuu, mjini Nairobi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Alama za swali hilo zilizokusanywa kabla ya hukumu ile zapaswa kusomwa kwa uangalifu, kwa maana miongoni mwa waliosema hapana, huenda wako waliokuwa wakimjibu askari, si tabibu.